Fleming alisahau mikono

Nimesoma tena hotuba ya Nobel ya Alexander Fleming, 1945. Anatoa mfano: Bwana X anaumwa koo, anakunywa penisilini kidogo tu, mikrobe zinazoea dawa, zinamwambukiza bibi yake, dawa inashindwa, mama anakufa. Onyo ni zuri, lakini mfano una kasoro mbili. Streptokoko ya koo mpaka leo inakufa kwa penisilini. Yenye iliasi haraka mu hospitali ni stafilokoko. Tena, kosa lote anamubebesha mugonjwa. Na muganga mwenye kutoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa, juu robine haina mayi? Dozi tutamaliza, sawa. Lakini mikrobe inasafiri na mikono. Tudai na mayi.