Orodha Ile Haijui Yanonge: Neno Juu ya Kompyuta ya Kwanza ya Bei Nafuu



Juma lililopita nilikuwa pale bandarini Yanonge, nangoja balenieri ya Kisangani. Mdogo wetu mmoja, aliyemaliza masomo mwaka jana, akanikuta akaniambia: "Yaya, niko na dola 250. Napenda kujenga kompyuta ya mezani, nifungue kasekretaria hapa sokoni. Ona, nimepata orodha ya vifaa kwenye video." Akatoa telefone. Niliitambua ile orodha mbele ya kuisoma. Prosesa juu, kadi ya grafiki chini yake, kisha kadi-mama, RAM, diski, sanduku, na mwisho kabisa boksi ya umeme, kama chumvi ambayo mutu anakumbuka wakati sufuria imekwisha kutoka motoni.

Niliitambua kwa sababu miaka miwili nyuma mimi mwenyewe nilimtumia kijana mwingine orodha kama hiyo. Leo nataka kuikosoa mbele yenu, na makosa yangu ndani yake.

Kijana yule wa kwanza alikuwa na akiba ya mama yake: manioki, mafuta ya ngazi, magunia ya makala yaliyoshuka Kisangani moja moja. Alifuata orodha neno kwa neno. Orodha ilimwambia anunue Core i3-12100F, na kweli ni prosesa nzuri. Ilitoka mwanzo wa 2022, ina nguvu, na bei yake iko chini ya ndugu yake asiye na F. Aliagiza kwa mutu aliyekuwa anasafiri, vifaa vikafika, akafunga vizuri, hakuna skurubu iliyobaki. Akawasha. Feni inazunguka, taa inawaka, ekra iko nyeusi. Akanipigia: "Yaya, haitoe picha."

Kumbe ile F mwishoni mwa jina ndiyo inasema kwamba prosesa haina grafiki ndani yake. Bila kadi ya grafiki ya pembeni, picha haitoki hata kidogo. Mwenye video hakudanganya. Kwake kadi ya grafiki ilikuwa mstari wa pili, aliona ni lazima. Lakini sisi, kwa kupunguza bei, tulifuta mstari wa pili tukabakisha wa kwanza. Tofauti ya F na bila F ni dola chache. Dola zile chache zilimrudisha kijana Kisangani kutafuta kadi ya mitumba, ambayo ilikula akiba ya imprimanti.

Sasa nisikilizeni vizuri: sisemi kwamba orodha zile ni mbaya. Kuna mambo zinafundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyempata. Zinafundisha kwamba prosesa na kadi-mama lazima vikubaliane tundu, kwamba RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, kwamba RAM mbili za giga 8 zinasaidia grafiki ya ndani kuliko moja ya giga 16. Nyingine zinasema wazi: usibane franga kwenye boksi ya umeme. Haya yote ni kweli, hapa kama kule Ulaya.

Shida yangu na orodha ni swali ambalo haiulizi. Inauliza: "Una dola ngapi?" Haiulizi: "Umeme unatoka wapi?"

Mwenye kuandika orodha ana tundu ukutani, na tundu lile linatoa volti zilezile asubuhi na usiku. Ndiyo maana anaanza na prosesa. Hapa Yanonge, kilometa karibu 60 chini ya Kisangani, waya wa SNEL haufiki. Na hata ndugu zetu wa Kisangani, wenye bwawa la Tshopo linalotoa umeme tangu miaka ya 1950, wanajua kulala gizani. Kwetu umeme ni paneli na batri, ao ni grupu, ile mashine ndogo ya esansi inayopiga kelele nyuma ya duka. Mutu wa Yanonge, kabla ya kununua kompyuta, ananunua kwanza umeme wake mwenyewe. Kwa hiyo kila wati iliyo kwenye orodha inalipwa mara mbili: siku ya kununua kifaa, na kila siku ya kukiwasha.

Tuhesabu pamoja. Batri moja ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina wati 1,200 kwa saa. Kama ni ya risasi, usiimalize. Tumia nusu tu, la sivyo itakufa mbele ya mwaka. Imebaki 600. Inveta nayo inakula sehemu yake kwa kugeuza umeme. Tuseme imebaki 500.

Mashine ya yule kijana, na kadi yake ya grafiki, pamoja na ekra, inavuta karibu wati 100 hata wakati anaandika barua tu. Batri ile inampa saa tano. Akifungua mchezo mkubwa, inapita wati 250, saa mbili zimekwisha. Sasa chukua kompyuta ndogo ya ofisi, ile inayolingana na kitabu kinene, yenye prosesa ya wati 35. Wakati wa kuandika, pamoja na ekra ya LED ya inchi 19, inavuta karibu wati 40. Batri ileile, saa 12. Anafungua asubuhi, anafunga usiku, wanafunzi wa TFC wamekwisha kuhudumiwa wote.

Kwa hiyo tofauti kubwa haiko kwenye bei ya kompyuta. Iko kwenye batri ya pili na paneli ya pili ambazo mashine kubwa inakulazimisha kununua, na ambazo hazikuandikwa mahali popote kwenye orodha.

Kosa la pili ni boksi ya umeme, ile tunaita alimentasio. Orodha inasema: tafuta alama ya 80 Plus. Sawa. Lakini alama ile, iliyoanza mwaka 2004, inapima jambo moja: umeme kiasi gani unafika kwenye vifaa na kiasi gani unapotea kuwa joto. Kiwango cha chini kinataka angalau 80 kwa mia ifike. Haipimi kama boksi itavumilia grupu linalokohoa. Na kwetu grupu linakohoa kila siku. Esansi ikikaribia kwisha, mota inashuka, inaruka, inashuka tena, na volti zinaifuata. Hivyo ndivyo ilikufa boksi ya yule kijana: nyepesi kama kopo tupu, imeandikwa wati 500 ubavuni, ikatoa mlio mmoja na harufu, basi. Akiba ya mama yake ikafunikwa kitenge miezi mitatu.

Kama ni lazima ununue boksi, angalia maandishi yake: iwe inapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 yenyewe. Ile yenye kaswichi kekundu nyuma, 115 na 230, iogope. Mtoto akicheza nayo ikabaki kwenye 115, halafu ukaichomeka kwenye 220, umeagana nayo. Na inveta za bei ya chini, zisizotoa mawimbi safi, zinagombana na boksi nyingi za kisasa. Utasikia zinanguruma, ao mashine inajizima. Kwa grupu, sheria yangu ni moja: zima kompyuta mbele ya esansi kwisha, usingoje grupu lijizime lenyewe.

Kosa la tatu ni njia. Orodha inaandika bei ya duka, haiandiki bei ya kufika. Kifaa chetu kinapanda mto kutoka Kinshasa, ao kinakuja kwa barabara ya Beni kupitia Nia-Nia na Bafwasende, kinashuka Kisangani, kinavuka mpaka Lubunga, kinapanda pikipiki mpaka hapa. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka haipendi safari ile. SSD haina kitu cha kuzunguka ndani, haiogopi mashimo, na inakula umeme kidogo. Kwa hiyo SSD hata ndogo ya giga 240 naiweka mbele ya prosesa. Na kule kwao kifaa kibovu kinarudishwa dukani kwa posta. Sisi tunakirudisha kwa nani?

Basi nilimwambia nini yule mdogo wa bandarini? Nilimwambia aigeuze orodha, kichwa chini. Anza na umeme: paneli, batri, saa ngapi kwa siku. Kutoka hapo utajua wati ngapi unaruhusiwa. Kisha namna ya kulisha mashine. Kisha SSD. Kisha RAM, giga 8 ndiyo mwanzo. Prosesa ije mwisho, na iwe na grafiki ndani.

Kwa dola 250, jibu langu ni mashine ndogo ya ofisi ya mitumba: OptiPlex 3060 Micro ya Dell, ThinkCentre M720q ya Lenovo, ao EliteDesk 800 G4 Mini ya HP. Ziko nyingi kwa sababu kampuni za nje zinabadilisha mashine kila miaka michache. Uliza ile yenye i5-8500T. T ile inasema wati 35. Zinalishwa na chaja ya nje kama ya laptop, ambayo yenyewe inapokea volti 100 mpaka 240. Chaja ikiungua, unatafuta chaja, mashine imebaki salama. Na fundi mwenye akili anaweza kuilisha kutoka batri kwa kipandisha-volti, bila inveta kabisa.

Lakini na mimi nijikosoe, maana ushauri huu una mitego yake. Wa kwanza: usichanganye zile ndogo na ndugu zao wa kati, masanduku membamba ya ofisi yenye boksi ya umeme ndani. Boksi yao mara nyingi ina umbo lake peke yake, haifuati kanuni ya ATX ambayo Intel ilitoa mwaka 1995 na ambayo inafanya boksi yoyote ya sokoni iingie kwenye sanduku lolote la kawaida. Ikifa, Kisangani nzima utazunguka bure. Wa pili: miaka. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana nimetaja 8500T. Wauzaji watakupa ya kizazi cha nne ao cha sita kwa bei tamu. Chukua tu kama uko tayari kuweka Linux Mint na LibreOffice, ambazo kwa kazi ya sekretaria zinatosha kabisa. Wa tatu: mashine hizi hazitakufundisha kujenga. Hakuna cha kufunga zaidi ya RAM na diski.

Kama moyo wako unapenda kujenga kwa mikono yako, jambo zuri pia, basi tafuta Ryzen 5 5600G ao i3-12100 bila F, sanduku la kawaida, boksi ya ATX nzito yenye jina. Ukae ukijua kwamba dola 250 hazitafika mbali, na kwamba batri moja itakuwa ndogo.

Wengine wataniuliza: juu ya nini usinunue laptop tu, yenye batri ndani? Swali ni la haki. Kwa mutu mmoja anayeandika memware yake, laptop ni bora, nunua. Lakini kwenye sekretaria watu kumi wanagusa kibodi kwa siku. Kibodi ya mezani ikifa unanunua nyingine sokoni. Ya laptop ikifa, unaanza safari.

Mengine mafupi. Imprimanti ya leza inavuta mamia ya wati wakati inajipasha moto, batri yako itapiga kelele. Ya wino inavuta kidogo sana. Mvua ya kwetu ni nyingi, upande wa Yangambi inafika karibu milimita 1,800 kwa mwaka, na unyevu unaua mashine iliyolala kuliko ile inayofanya kazi. Iwashe hata kidogo kila siku. Na mende wanapenda joto la ndani. Funika matundu kwa wavu mwembamba, usiyazibe.

Yule kijana wa kwanza amerudi kazini. Aliuza kadi ya grafiki, akaongeza kidogo, akapata kamashine ka chaja. Mama yake hakuniuliza kitu. Lakini kila nikipita pale sokoni ananipa chikwangue na kuniita "mwalimu wa kompyuta" mbele ya watu, na mimi najua anachosema.

Mdogo wa bandarini alinisikiliza, akafuta orodha kwenye telefone. Balenieri ikafika, tukapanda. Katikati ya mto akaniuliza: "Yaya, paneli nianze na ngapi?" Nikamwambia: "Mbili za wati 100. Kompyuta tutaongea baadaye."