Ushindi wa Karata Mbili na Haki ya Kujibu

Mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993, hauna turufu wala ree. Kila mchezaji huja na fungu alilolipanga mwenyewe, karata kwa karata, akichagua miongoni mwa maelfu. Fungu hilo ni utungo, na kama utungo wowote lastahiki kuhakikiwa.

Bahari yenye masharti mazito ni ile iitwayo Commander. Humo fungu huwa na karata 100 kamili na, isipokuwa zile za ardhi ya msingi, aghalabu hapana irudiwayo. Kwa kawaida wanne huketi meza moja, kila mmoja akianza na pointi 40 za uhai. Kuwamaliza wapinzani watatu kwa mapigo ya viumbe ni kazi ndefu. Ndipo mafundi wa mashindano walipougeukia muungano, yaani karata mbili ambazo zikikutana hukata shauri la mchezo mzima.

Mfano mashuhuri ni Thassa's Oracle ya mwaka 2020 na Demonic Consultation ya mwaka 1995. Ya kwanza, iingiapo mezani, humpa mwenyewe ushindi endapo akiba ya karata zake imekwisha au imebaki chache mno. Ya pili humtaka ataje jina la karata, kisha aondoe za akibani hadi aipate. Akitaja isiyokuwamo, akiba yote huteketea. Maangamizi yamefanywa njia ya ushindi.

Ama uzuri wa muungano huu haumo katika karata zenyewe, maana hizo yeyote aweza kuziiga. Umo katika wakati. Oracle huingia kwanza, na athari yake ikiwa yangoja kutimia, Consultation hufuata. Mpinzani akiwa na karata ya kuizima athari hiyo baada ya akiba kuteketea, mchezaji hubaki mikono mitupu, na zamu yake ijayo, akikosa karata ya kuvuta, hushindwa.

Wapinzani nao wana mtihani wao. Haki ya kujibu huzunguka meza kwa mpango wa zamu. Aliye wa kwanza huenda ana Force of Will, ambayo huweza kutumika kwa kutoa karata nyingine ya buluu na pointi 1 ya uhai. Je, aitoe, au amwachie wa mwisho, asiye na wa kumwachia? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na watatu wakitegeana, meza yote hupotea. Msomaji aliyezoea tungo za kujibizana ataitambua hali hii: muungano ni dai, na dai hungoja jibu.

Kasoro huanza dai litolewapo kabla wengine hawajajiandaa. Flash ilimweka Protean Hulk mezani kwa gharama ndogo na kumwua papo hapo. Kifo chake kikaita kutoka akibani viumbe waliotosha kumaliza mchezo, mara nyingine katika zamu za mwanzo kabisa. Flash ikapigwa marufuku Aprili 2020, na uamuzi ulikuwa wa haki.

Tarehe 23 Septemba 2024 kamati ya kanuni, ya watu waliojitolea, ilikataza karata nne, zikiwamo Mana Crypt na Jeweled Lotus, zilizompa mchezaji nguvu nyingi mapema mno. Hoja ilikuwa ileile. Lakini karata hizo zilikuwa na bei kubwa sokoni. Wanakamati wakatishwa, na tarehe 30 mwezi huo ikatangazwa kwamba usimamizi unakabidhiwa kwa Wizards of the Coast.

Hasara hiyo yazidi bei ya karata zote nne. Wachezaji walikuwa na baraza ambalo mamlaka yake hayakutoka kwa kampuni. Sasa mtengenezaji wa karata ndiye mwamuzi, ijapokuwa ana jopo la wachezaji la kumshauri. Waliotisha hawakuijibu hoja. Waliwanyamazisha waliokuwa nayo. Katika mchezo ambao utamu wake wote ni haki ya kujibu, hapana kosa kubwa kuliko hilo.