Hongera, Wazee wa Kaya Kinondo

Kutoka hoteli za Diani, pwani ya Kenya, hadi Kaya Kinondo si mbali, ila langoni utasimamishwa. Unafungwa kaniki kiunoni, unapewa masharti: hukumbatiani na mwenzio humu, huchumi jani, huokoti hata kijiti. Ukitaka kukumbatia, kumbatia mti. Wageni hucheka, kisha huukumbatia kweli, macho wameyafumba.

Ni msitu wa hekta 30 hivi, mizizi imeng'ang'ania mwamba wa matumbawe. Mwamba kama huu, kwingineko pwani, huchongwa matofali ukauzwa. Humu haliondoki jiwe. Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, waliishi zamani ndani ya kaya hii, kijiji cha msituni. Leo ni mahali pa dua na makaburi, na wengi wa wazee wanaoilinda ni Waislamu, jambo linalowashangaza wageni kuliko wenyeji.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika Urithi wa Dunia, Kinondo ikiwemo. Heshima hiyo inastahili, ingawa ilichelewa. Kabla yake, ufuo ukigeuka viwanja, wazee waliilinda kwa kaniki na neno lao. Shukrani zangu ni kwao, na kwa vijana wanaotutembeza wakitaja dawa ya kila mti.