Kuamsha, Kuchochea na Kuzindua

Mwanafunzi akutanapo na kitenzi cha Kiingereza "arouse" aghalabu hukimbilia kamusi, akaona mbele yake neno "amsha", akatua mzigo. Kisha huandika: "Maneno yake yaliamsha shaka yangu." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, walakini haina ladha ya Kiswahili. Kwetu shaka haiamshwi, hutiwa. Mtu hutiwa shaka kama atiwavyo hofu, wivu na hamu. Kosa hili ni dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna jambo kubwa, nalo ndilo nitakalo kulieleza.

Kitenzi hicho kina nasaba yake. Kilizaliwa mwishoni mwa karne ya 16 kwa kutiwa kiambishi mbele ya neno la zamani zaidi, "rouse", lililotumiwa na wawindaji kwa kumkurupusha mnyama katika maficho yake. Tangu hapo kimebebeshwa mizigo mingi: huamsha aliyelala, hutia shaka, huchochea hasira, husisimua matamanio ya mwili. Neno ni moja na kazi ni nne, na Mwingereza huyaachia maneno ya jirani yaamue ni kazi ipi.

Kiswahili kimezigawa kazi hizo. Kuamsha ni kumtoa mtu usingizini, na neno lenyewe halisemi kama tendo ni jema au baya. Ndiyo maana wazee walionya: Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kuchochea ni kazi ya jikoni, kuzisukuma kuni mekoni ili moto uwake zaidi. Kwa hiyo achocheaye hasira hakuileta yeye, aliikuta inafuka. Kusisimua hugusa ngozi, nywele zikasimama na damu ikaenda mbio. Kuzindua ni kumrudishia fahamu aliyezimia au aliyeghafilika, na mwenye kuzinduliwa hushukuru. Basi mwandishi wa Kiswahili hawezi kulitafsiri neno lile kabla hajalihukumu tendo lenyewe.

Hukumu hiyo ina uzito. Harry Thuku alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, machoni pa serikali ya kikoloni alikuwa mchochezi. Machoni pa umati uliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe, alikuwa mzinduzi. Hotuba zake zilikuwa zile zile. Lakini jina la kwanza ndilo lililomfikisha uhamishoni Kismayu.

Kadhalika tumtazame Antony katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1963. Antony asimama mbele ya maiti, awaambia watu kwamba hana nia ya kuwatia katika ghasia, na ghasia ndizo azitakazo. Kinywani mwake naona "kuchochea" ndilo neno lipasalo. Anaitaja dhambi kwa jina lake ili akane kuwa anaitenda, na papo hapo anazisukuma kuni. Neno "kuamsha" lingempunguzia unafiki, na mtazamaji asingeujua ujanja wake wote.

Walakini maana haipotei kwa upande mmoja tu. William Hichens alipouchapisha utenzi wa Al-Inkishafi mwaka 1939, aliupa kwa Kiingereza jina lenye maana ya kuamka kwa roho. Jina la asili, ambalo ni la Kiarabu, halisemi habari ya usingizi. Lasema habari ya kufunuka kwa kilichofunikwa. Katika utenzi huo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ausemeza moyo wake, akiuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari, ambamo madaka yaliyopambwa kwa sahani yamekuwa malalo ya makinda ya ndege. Je, moyo ule ulikuwa umelala? La. Ulikuwa macho, lakini umeghurika na dunia. Asiyelala haamshwi, huondolewa pazia, kisha akazinduka. Kwa hiyo jina alilolitoa Hichens ni zuri kwa sikio, lakini ni pungufu kwa maana. Lamlaumu mwenye macho yaliyofumba, hali mshairi amlaumu mwenye macho yaliyo wazi yasiyoona.

Mwanafunzi, basi, asiilaumu kamusi, maana kamusi humpa neno lakini haiwezi kumpa hukumu. Akutanapo tena na kitenzi hicho na ajiulize mambo matatu: ni nani aliyeguswa, alikuwa katika hali gani kabla ya kuguswa, na je, atamshukuru aliyemgusa au atamlaani? Akiisha kujibu, ataandika bila taabu: "Maneno yake yalinitia shaka." Atakuwa ameandika Kiswahili, tena atakuwa amefikiri.