Haraka ya Nani? Mapenzi ya Pupa na Mapenzi ya Kweli katika Romeo and Juliet

Swali kuhusu Romeo and Juliet hufika darasani likiwa limeshabeba jibu lake. Je, wawili hawa walipendana kweli, au walikurupuka tu? Wengi wetu hujibu kwamba walikurupuka, tukaongeza kuwa haraka haraka haina baraka, kisha tukafunga daftari. Jibu hilo lina ushahidi wake, nami silidharau. Hata hivyo, makala haya yanahoji kwamba lina kasoro mbili. Kwanza, linayaweka mapenzi ya pupa upande mmoja na mapenzi ya kweli upande wa pili, kana kwamba mtu hawezi kuanzia kwenye moja akafika kwenye jingine. Pili, linawatwisha vijana wawili haraka ambayo, ndani ya tamthilia yenyewe, ni ya mji mzima, na hasa ya wazee.

Ushahidi wa pupa uko wazi. Jumapili asubuhi Romeo anaugua kwa ajili ya Rosaline, anajifungia chumbani na kuufukuza mwanga wa mchana. Usiku uleule anaingia kwenye karamu ya akina Capulet ili amwone Rosaline, anamwona Juliet, na Rosaline anasahaulika kabla karamu haijaisha. Jumatatu alasiri wameshafunga ndoa ya siri. Muda mfupi baadaye Romeo amemuua Tybalt, binamu wa mke wake. Kabla ya juma kwisha, wote wawili ni maiti. Mtawa Laurence mwenyewe anamkemea Romeo kwamba mapenzi ya vijana hukaa machoni, hayakai moyoni. Mwanafunzi anayejibu "pupa" hajabuni kitu.

Lakini tuangalie kasi hii ilitoka wapi. Shakespeare aliichukua hadithi kutoka kwa shairi refu la Arthur Brooke lililochapishwa mwaka 1562. Kwa Brooke, mambo yanachukua miezi, na Juliet ana miaka 16. Katika tamthilia ya Shakespeare, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597, hadithi imebanwa ndani ya siku zipatazo tano, na Juliet hajatimiza hata miaka 14. Kuna badiliko jingine ambalo hatulitaji mara kwa mara. Brooke alitanguliza maneno kwa msomaji akiwalaumu wapenzi hao kwa tamaa na kwa kutowasikiliza wazazi. Shakespeare hakuibeba lawama hiyo. Utangulizi wake unazungumzia uhasama wa koo mbili na hasira za wazazi. Kwa hiyo, tunapoifanya tamthilia hii kuwa onyo la "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", tunamsoma Brooke huku tukimtaja Shakespeare. Kasi imeongezwa, lakini mshtakiwa amebadilishwa.

Kiswahili kinaweza kutusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza kinalificha. Kwa Kiingereza, Romeo anatumia neno lilelile kwa Rosaline na kwa Juliet. Anayeihamishia tamthilia hii kwenye Kiswahili hana nafasi hiyo; lazima achague. Tuna ashiki, huba, mahaba, mapenzi na upendo, na kila neno lina mahali pake. Alichonacho Romeo kwa Rosaline mimi ningekiita ashiki. Rosaline hatamki neno hata moja jukwaani. Romeo anasema peke yake na kuzipenda kauli zake mwenyewe. Kwenye karamu hali inabadilika. Mazungumzo ya kwanza ya Romeo na Juliet yanaunda shairi moja la mistari 14, huyu akianza na yule akijibu, mpaka wanalimaliza pamoja. Hayo ni mahaba, kwa sababu sasa kuna wawili. Upendo ni kitu kingine tena. Ni neno tunalolitumia kwa mama anayekesha na mgonjwa, neno linalodai vitendo na muda. Basi swali langu si kama walikurupuka. Walikurupuka. Swali ni kama kuna aliyetoka kwenye mahaba akafika kwenye upendo, na kama yupo, alifika lini.

Kwa maoni yangu yupo, naye ni Juliet. Usiku wa kwanza, akiwa dirishani, yeye ndiye anayeshika breki. Anasema makubaliano yao yanamtisha kwa sababu yamekuja ghafla mno. Anamkataza Romeo asiape kwa mwezi, kwa kuwa mwezi hubadilika. Kisha anauliza mambo ya utekelezaji: kama nia ni ndoa, itakuwa wapi, saa ngapi, na nani atapeleka ujumbe. Anapopata habari kwamba Romeo amemuua Tybalt, kwanza anamlaani. Lakini yaya anapomuunga mkono, Juliet anasimama na kupima upya: kama Tybalt angekuwa hai, angemuua mume wangu. Huko ni kufikiri, na anafikiri akiwa msibani.

Jaribio kubwa linakuja pale baba anapoamuru aolewe na Paris. Katika onyesho hilohilo baba anatishia kumfukuza, mama anamgeuzia kisogo, na yaya, aliyemlea tangu kunyonya, anamshauri amsahau Romeo na kumchukua Paris. Mtoto wa miaka 13 anabaki hana mtu. Angetaka njia rahisi, ilikuwa mbele yake, tena yenye karamu. Yeye anakwenda kutafuta ushauri, anapewa dawa ya kumlaza kwa saa 42, na kabla ya kuinywa anaitaja hofu moja baada ya nyingine. Huenda dawa ni sumu. Huenda akaamka kabla ya wakati, akakosa hewa kaburini. Huenda akarukwa na akili kando ya maiti ya Tybalt. Anazitaja zote, ndipo anakunywa. Mtu wa pupa hahesabu hatari kwanza.

Romeo ana safari fupi zaidi. Kuna dakika chache siku ya Jumatatu ambapo mapenzi yanamfanya awe mtu bora kuliko mji wake: Tybalt anamtukana hadharani, naye anakataa kupigana kwa sababu Tybalt sasa ni ndugu. Mercutio anapokufa, Romeo anageuka. Analalamika kwamba uzuri wa Juliet umemlegeza na kumfanya kama mwanamke, kisha anachomoa upanga. Tuwe makini hapa. Pupa inayomuua Tybalt si pupa ya mapenzi. Ni pupa ya heshima na uanaume, na inapata nafasi pale tu Romeo anapoyaonea haya mapenzi yake. Wanaosema mapenzi yalimwaga damu Verona wanapaswa kulisoma onyesho hili mara ya pili.

Kosa lake la mwisho ni dogo, na kwangu ndilo la kutisha kuliko yote. Akiwa Mantua, mtumishi wake analeta habari kwamba Juliet amezikwa. Romeo anauliza kama kuna barua kutoka kwa mtawa. Baadaye kidogo anauliza tena. Anaambiwa hakuna, anasema si kitu, na anakwenda kununua sumu. Swali alilouliza lilikuwa sahihi. Hakusubiri jibu lake. Weka hapo hao wawili bega kwa bega: mmoja ameingia kaburini kusubiri saa 42, mwingine ameshindwa kusubiri barua. Tofauti kati ya mapenzi ya pupa na mapenzi ya kweli imo ndani ya jozi hiyo, na si kati ya jozi hiyo na wazazi wao.

Sasa tuwaangalie wazazi hao. Mwanzoni mzee Capulet anaongea kama mtu wa busara. Anamwambia Paris binti bado mdogo, angoje miaka miwili, na kwanza aupate moyo wake. Siku moja baadaye, nyumba ikiwa na msiba, anamwahidi Paris ndoa ya Alhamisi bila kumuuliza binti. Juliet anapojifanya kukubali, baba anaivuta ndoa mpaka Jumatano. Usiku mmoja huo unaiharibu hesabu yote ya Mtawa Laurence. Mtawa naye anahubiri mwendo wa polepole, kisha anafungisha ndoa ya siri ndani ya siku moja, kwa sababu anataka kuitumia kupatanisha koo mbili. Haraka ya vijana ilileta ndoa. Haraka ya wazee ilileta kaburi. Mwishoni Mtawala wa Verona hasemi kwamba vijana wameadhibiwa. Anasema wote wameadhibiwa, naye akiwamo.

Kuna wahakiki wanaoona kwamba tanzia hii inategemea bahati mbaya dhaifu: barua ya mtawa haifiki kwa sababu mjumbe alifungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Msomaji wa Bwera hawezi kuliona jambo hilo kuwa dhaifu. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikaingia Kasese, na mtoto wa miaka 5 akafia katika kituo cha matibabu cha Bwera. Watu wa Mpondwe walipimwa joto la mwili na kunawa mikono kabla ya kuvuka kwenda kwa ndugu zao. Mwaka uliofuata ikaja Covid-19, mpaka ukafungwa kwa abiria. Kwa watu ambao Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ukoo mmoja uliogawanywa na mto na mpaka, mlango uliofungwa na ujumbe usiofika ni maisha. Shakespeare aliishi katika mji uliofahamu tauni. Hakuokota sababu ya kubahatisha. Alichukua iliyokuwa karibu.

Nimechagua suala hili kwa sababu jibu la "walikurupuka" haliishii darasani. Huku Kitswamba, kama ilivyo Bwera na kwingineko wilayani, msichana akipata mimba neno la kwanza ni kwamba alikuwa na haraka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban msichana 1 kati ya 4 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Uganda alikuwa ameshazaa au ni mjamzito. Haiwezekani wote hao wawe walikosa subira tu. Baada ya lawama, wazee hukaa na kuhesabu mbuzi, na si ajabu kusikia mambo yamemalizwa jioni moja, hata pale sheria inapodai jambo hilo lifike mahakamani. Yule aliyempa mimba hatajwi kuwa na haraka. Waliokubaliana usiku mmoja hawatajwi kuwa na haraka. Capulet naye, katika insha zetu nyingi, hatajwi.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba namtetea msichana wa miaka 13 kana kwamba ndoa yake ni mfano wa kufuata. La hasha. Katiba yetu ya mwaka 1995 inaweka umri wa ndoa kuwa miaka 18, na sheria ya jinai inamlinda mtoto aliye chini ya umri huo. Hakuna tafsiri ya fasihi inayoweza kulegeza hilo. Ninachotetea ni kumsoma Juliet kwa haki. Vilevile sisemi kwamba kifo chake ndicho kinachothibitisha upendo. Kujiua hakuthibitishi upendo wa mtu yeyote, na tukiwafundisha wadogo zetu hivyo tutakuwa tumewadhuru. Upendo wa Juliet umeshathibitika kabla ya kaburi, usiku ule alipobaki peke yake, akawa hai, akawa na mpango. Kisu kinakuja pale mipango yote ya watu wazima imeanguka na mtawa mwenyewe, akisikia walinzi wanakuja, amekimbia akamwacha. Hata dakika hiyo ya mwisho ni haraka ya mtu mzima.

Wahenga wetu hawakutuachia methali moja tu. Walisema haraka haraka haina baraka, na walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayeokota moja na kuiacha nyingine anatafuta ushahidi wa hukumu aliyokwisha kuitoa. Tamthilia hii inatutaka tushike zote mbili: Romeo alipaswa kungoja barua, na koo mbili hazikupaswa kungoja maiti za watoto ndipo zipeane mikono.

Kwa hiyo, ningependa swali la mtihani libadilike. Tusiulizwe kama Romeo na Juliet walipendana au walikurupuka. Tuulizwe kila mhusika alikuwa na haraka ya nini, na nani alilipia. Nikijibu swali hilo, nitaanza na mzee Capulet.