Manda Nyembamba

Sambusa imetiwa hatiani. Waganga wanapowausia wagonjwa wa presha na sukari vitu vya kuepukana navyo, jina lake halikosi kutajwa safu ya mbele, na watu wa nyumbani, ambao aghalabu huona wepesi kuacha kitu kuliko kukitengeneza kwa haki yake, huiondoa katika sinia ya futari kana kwamba kosa ni la chakula chenyewe wala si la mkono uliokipika. Nakiri kwamba sambusa nyingi zinazouzwa leo njiani zinastahiki hukumu hiyo: ganda nene, kiazi kingi, nyama ya kutafutwa kwa taa, na mafuta yaliyochemshwa na kurudiwa hata yakabadili rangi na harufu. Lakini kuihukumu sambusa kwa ushahidi wa karai la namna hiyo si uadilifu, maadamu wapo bado mafundi, ingawa wachache, ambao mikononi mwao chakula hiki hakina ugomvi na siha ya mtu.

Nasaba yake ni ya kale na ya heshima. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika Delhi na kuhudhuria karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq, aliikuta huko: nyama iliyokatwakatwa ikapikwa kwa lozi, jozi, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Baadaye Bara Hindi likagawanya urithi huo. Wapanjabi wakashika ganda nene na kiazi, nao Waislamu wa Gujarati, Mabohora hasa, wakabaki na ganda jembamba, yaani manda, na nyama ya kusaga, na hii ndiyo jamaa ya karibu ya sambusa ya pwani yetu. Mengine ya tarikh nawaachia wenye kuyapenda; mimi nalishika jambo moja tu katika habari ya msafiri yule, nalo ni wembamba wa mkate.

Yupo bibi mmoja wa mtaa wa Malindi, Unguja, ambaye nimepata kukaa barazani kwake nikamtazama akifanya kazi hiyo toka unga mpaka sahani. Haharakishi. Unga wake huukanda kwa maji, chumvi na tone la ndimu, akaufunika upumzike, kisha akaukata madonge, akayasukuma yawe kadiri ya kisahani, akayapaka mafuta kwa ncha za vidole, akayanyunyizia unga mkavu, na kuyapandanisha moja juu ya jingine. Tabaka hizo huzisukuma tena kwa pamoja, akizungusha kibao badala ya kujizungusha yeye, mpaka zienee sawasawa bila ya moja kuikimbia nyenzake. Kisha huzitia juu ya chuma kwa moto mdogo, kwa muda usiotosha hata kumaliza salamu za mgeni, kwani manda iliyoanza kufanya madoa imekwisha haribika: haitakunjika, itavunjika.

Hapo ndipo pana kazi yenyewe. Manda hubanduliwa zikiwa moto, na zikipoa hushikana zisibandulike abadan. Bibi huutafuta ukingo kwa kucha, akaupuliza kidogo, akaivuta tabaka ya juu kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa umekandamiza zilizobaki, nayo hutoka nzima, nyepesi kama shela ya bibi harusi, hata ukiiweka juu ya mkono waona vidole vyako chini yake. Ngozi ya vidole vyake imekufa ganzi kwa mvuke wa miaka mingi. Nilipojaribu kumsaidia nilikirudisha kidole changu mdomoni kabla sijagusa kitu cha maana, naye hakucheka. Alinisogezea kitambaa nizifunike zilizokwisha banduliwa zisikauke.

Nyama yake haitiwi mafuta. Ni nyama isiyo na shahamu, iliyosagwa mara mbili, ikachemka kwa majimaji yake yenyewe pamoja na thomu na tangawizi hata ikakauka kabisa, kwa sababu nyama yenye mchuzi huilowesha manda na kuipasua. Vitunguu hukatwa vidogo, vikatiwa chumvi na kukamuliwa, na kuingizwa sufuria ikiwa imekwisha epuliwa, pamoja na kotmiri, pilipili na ndimu, vibaki na ukali na mlio wao chini ya jino. Asiye na nyama hutia choroko zilizochemshwa na kukaushwa vivyo hivyo, na sioni aibu kusema kwamba siku nyingine nimezipenda hizo zaidi.

Akisha kukunja na kuziba kwa uji mzito wa unga, huiinua kila sambusa kuelekea dirishani. Pembe ikipitisha mwanga, huifungua na kuikunja upya. Katika ukaguzi huo nimeona hikima kubwa kuliko katika maonyo mengi ya waganga, kwani kitundu hicho cha pembeni ndicho mlango wa mafuta: yaingia hapo, na ladha yatokea hapo. Ganda jembamba lililozibwa vema, likitiwa katika mafuta yenye moto wa kutosha na bila ya kusongamana, mvuke wake watoka kwa nguvu na kuyazuia mafuta yasipenye. Sehemu kubwa ya mafuta hunywewa pale sambusa inapotolewa na kupoa, mvuke ule ukakatika. Kwa hiyo mpishi ajuaye huzisimamisha katika chujio papo hapo zichuruzike, ilhali asiyejua huzilundika katika bakuli zikaogeleana.

Tangu mumewe akatazwe mafuta, bibi huyu ameliacha karai. Huzipaka sambusa mafuta kwa kitambaa kilicholowana kidogo, pande zote mbili, akazipanga katika sinia na kuzitia katika tanuri lenye moto wa kiasi cha nyuzi 200, akazigeuza mara moja; na umeme ukikatika, hurejea kwenye mkaa na kupalia moto juu na chini kama vile mkate wa kumimina. Nyama imekwisha iva, kazi ya moto ni kuikausha manda tu. Nilidhani ya kuwa hii ni njia ya mkato, ya watu waliochoka. Akanikatiza: "Mafuta yana sitara, mwanangu. Tanuri halina." Ni kweli tupu. Manda nene ikikaangwa huvimba, ikang'aa, ikawadanganya walaji. Ikiokwa huwa ngumu, nao wataitafuna kwa adabu tu. Basi sambusa ya afya imemtaka fundi azidishe ustadi ule ule wa zamani. Utamu wake si sawasawa na wa ile ya karai, na asemaye ni sawa hajala zote mbili siku moja. Lakini ikiliwa ingali moto, kwa ndimu, haimwachii mtu uzito kifuani anapokwenda tarawehe.

Kazi hii zamani haikuwa ya mtu mmoja. Mwezi wa Shaabani ukielekea ukingoni wanawake walikusanyika ua kwa ua, huyu akisukuma, yule akichoma, wa tatu akibandua, na kitoto cha kike kikipewa makombo ya ukingoni kijifunzie kukunja. Leo manda hununuliwa dukani, za mashine, zimegandishwa ndani ya karatasi ya nailoni, zote sawasawa kwa unene. Mashine siilaumu, imefanya iliyotumwa. Nawalaumu wale walioweka kando kibao na chuma, kisha wakalalamika kwamba sambusa zawadhuru.

Bibi wa Malindi sasa hufanya kidogo, kadiri ya nguvu za mtu asiye na wa kumbandulia. Wajukuu humjia siku za futari, wakala wakashiba, wakamsifu mbele ya wageni, na mmoja wao, msichana mzima aliyesoma, akamwuliza manda nzuri hizi amezinunua duka gani.