Moto Uje Mwisho: Kumpima Fundi wa Simu Chwele

Fundi bora wa simu hujulikana kabla hajawasha bloa. Tazama dakika zake za kwanza na simu iliyozima: anauliza, anamulika, anapima, wala mikono yake haina pupa. Fundi dhaifu hukimbilia moto. Simu ikigusa meza tu, kifuniko kimeshang'olewa, hewa ya moto inavuma juu ya bodi, na ugonjwa umeshatajwa bila kipimo chochote. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya vibanda vya Chwele, na naamini tofauti hii moja yatosha kukuonyesha mahali pa kuiacha simu yako.

Chwele tuna sababu ya kulijali jambo hili. Soko ndilo mji wenyewe. Vitunguu, nyanya na kabeji hushuka kutoka miteremko ya Mlima Elgon, kuku hufika kwa vitenga, na wanunuzi huja kutoka Bungoma, Kimilili, Kitale na upande wa mpaka wa Lwakhakha. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007, pesa za biashara hiyo zimezidi kuhamia kwenye simu. Simu ya mama wa vitunguu ikizima saa nne asubuhi siku ya soko, duka lake limefungwa. Simu hizo nazo zina maisha magumu: hufungwa kwenye ncha ya leso, hulowa jasho, hushikwa na vidole vyenye maji ya nyanya, na huchajiwa kwa chaja yoyote iliyo karibu. Fundi wa hapa hutibu simu za kazi.

Anza kwa kusikiliza maswali yake. Ukimwambia simu haiwaki, je, anakuuliza ilikuwa wapi mara ya mwisho ilipowaka? Ilianguka? Ilikuwa ikipata moto mfukoni? Uliichaji kwa chaja ya nani? Swali linalonifanya nimheshimu fundi ni hili: "Mayi, maji yaliingia lini?" Anajua kwamba saa zina uzito kuliko maji yenyewe. Maji yakikutana na umeme wa betri, shaba ya bodi huanza kuoza na kuota ukungu wa kijani. Simu iliyoletwa ndani ya saa moja ikiwa imezimwa ina matumaini, lakini iliyokaa siku tatu ndani ya mchele huku mwenyewe akiijaribu kila asubuhi imeshaharibika zaidi. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya bati vya bodi. Kampuni ya Apple yenyewe ilionya wateja wake Januari 2024 waache kuzika simu kwenye mchele. Fundi makini huitoa betri kwanza, huinua vifuniko hivyo, kisha huisafisha bodi kwa spiriti kali na mswaki laini, akiitazama kwa lenzi. Asiyefungua akaikausha kwa bloa kutoka nje ameyasukuma maji ndani zaidi.

Baada ya maswali, mwanga. Malalamiko ya kawaida ni kwamba simu haishiki chaji, na hapo uaminifu hupimika upesi. Tundu la chaji la simu iliyobebwa kwenye mfuko wa kazi hujaa nyuzi za nguo, vumbi na unga, hata waya wa chaja usifike mwisho. Fundi bora hulimulika tochi tundu hilo kabla ya kutaja bei. Akikuta uchafu, huutoa kwa kijiti cha mbao, hujaribu chaja yake mwenyewe, na mara nyingi kazi huishia hapo. Ukimwona akichukua pesa kidogo kwa kazi hiyo, na kukuambia wazi kwamba ulikuwa uchafu tu, kumbuka kibanda chake. Angeweza kukuuzia tundu jipya na usingejua kamwe.

Sasa vipimo, ambavyo ndivyo roho ya ufundi huu. Juu ya meza tafuta vitu viwili: mita ya kupimia volti, na mashine ya umeme yenye namba mbili zinazowaka, moja ya volti na nyingine ya ampea. Usitazame kama anavyo, maana wengi wanavyo. Tazama kama vumbi limetulia juu yake. Fundi anayeitumia mashine hiyo huitoa betri, huipa bodi kama volti 4 kupitia vituo vya betri, kisha hunyamaza na kuisoma namba ya ampea. Ikiruka juu kabla ya kitufe kubonyezwa, kuna shoti: umeme unavuja mahali fulani. Akibonyeza kitufe na namba isisogee hata kidogo, huenda kitufe kimekufa, njia imekatika, au chipu inayogawa umeme haifanyi kazi. Ikipanda kidogo, ikashuka, ikapanda tena, simu inajaribu kuamka na kushindwa, na hapo atawaza programu au kumbukumbu kabla ya kufikiria risasi ya kulehemea. Namba hiyo moja imemwambia mengi, na bado hajachoma chochote.

Kuna kazi moja ambayo hunifanya nisimame nitazame kila nikiiona. Bodi ina shoti, na juu yake kuna mamia ya kapasita, nyingine ndogo kuliko punje ya wimbi, zote zikifanana. Fundi huyeyusha kipande cha ulimbo mkavu wa kulehemea kwenye ncha ya pasi yake, akauelekeza moshi kwenye bodi hadi ifunikwe na utando mweupe mwembamba. Kisha huingiza volti kidogo, pungufu sana ya zile za betri, kwenye njia yenye shoti. Umeme wote hukimbilia palipovuja, mahali pale hupata joto, na utando mweupe huyeyuka hapo kwanza. Doa moja jeusi hutokea. Ndiye mgonjwa. Humtoa, hupima tena, na simu nyingi huwaka saa hiyohiyo. Wenye fedha hutumia kamera inayoona joto, nayo ni nzuri, lakini ulimbo umetosha kwa miaka, na anayeujua hana haja ya kubahatisha kwa kuchoma bodi nzima.

Moto, basi. Siuchukii, ila nataka uje mwisho na uje kwa adabu. Hewa ya bloa hufika nyuzi 350 na zaidi. Kwa joto hilo plastiki ya viunganishi hujikunja, maikrofoni hufa kimya, na vipira vya risasi vilivyo chini ya prosesa vinaweza kulegea, ukaondoka na simu nzima na ikazima baada ya wiki mbili. Kwa hiyo tazama anavyovikinga vifaa vya jirani kwenye bodi: je, amevifunika kwa utepe wa rangi ya kahawia unaohimili joto, au kwa karatasi ya alumini? Je, ametoa betri kabla ya kuwasha bloa? Fundi anayepuliza moto betri ikiwa kando yake anahatarisha kibanda chote. Akimaliza, omba kuona kiungo. Risasi iliyokamata vizuri hung'aa, imeteremka pande zote na kukumbatia mguu wa kifaa. Iliyofifia, yenye uvimbe kama tone lililokaa juu tu, itaachia. Mabaki ya kunata ya dawa ya kulehemea yawe yamesuguliwa kwa spiriti, kwa sababu hukusanya vumbi na unyevu. Na tundu la chaji likishawekwa, liyumbishe kwa upole na waya ndani yake. Miguu mikubwa ya pembeni ndiyo inayobeba mzigo; akiwa amelehemu nyuzi ndogo tu na kuiacha hiyo, utarudi.

Kuhusu skrubu nitasema machache, ingawa napenda kuzitazama kuliko chochote. Skrubu za simu zinafanana kwa kichwa na kutofautiana kwa urefu, na ndefu ikiingia kwenye shimo la fupi huweza kutoboa tabaka za bodi na kukata njia zisizoonekana. Fundi anayezipanga kwa mpangilio wa mashimo, kwenye sumaku au hata kwenye karatasi aliyochora umbo la simu, ana akili iliyopangika. Anayezimwaga kwenye kizibo kimoja ataniwia radhi, sitamwachia yangu.

Vipuri vyetu vingi husafiri usiku kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na vingine hutolewa kwenye simu zilizokufa. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji wahakikishe vipuri vya simu vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa huko. Huku kwetu kazi hiyo ya kuiweka hai simu ya zamani imefanywa siku zote na fundi mwenye boksi la bodi kuukuu. Kipuri cha kutolewa si aibu. Aibu ni kukiita kipya. Fundi mwema hukutajia daraja na bei ya kila kimoja, na hukuachia uchaguzi.

Kioo ndicho kipuri kinachodanganya zaidi. Simu nyingi za Samsung za daraja la kati huja na kioo cha AMOLED, ambacho kila nukta yake hujimulika, hivyo weusi wake ni weusi kamili. Kopi za bei nafuu ni LCD zenye taa nyuma yake. Funika simu kwa koti lako, fungua picha nyeusi: ikionekana kijivu, umepewa kopi. Tena kama simu ilisoma alama ya kidole kupitia kioo, kwenye kopi hiyo haitasoma. Kwenye Samsung nyingi ukibonyeza *#0*# utapata menyu ya majaribio, ya rangi na ya mguso. Kwa simu nyingine, shika alama ya programu moja na uiburute pole pole hadi kila kona, na popote itakapoponyoka kidole, mguso umekufa hapo. Halafu tazama ukingo. Gundi isiyopewa muda wa kukauka chini ya mipira ya kubana itaachia, na mvua ya Elgon haisamehe ukingo ulioachia.

Betri ina kanuni fupi. Iliyovimba haidungwi, haikunjwi, wala hairudishwi ndani kwa kukandamizwa. Mpya yenye maandishi ya mAh 5000 lakini nyepesi mkononi kuliko ya zamani ya mAh 4000 inasema uongo. Fundi anayeishtua betri mfu kwa umeme mkali kisha akakuuzia kama iliyopona, mkimbie.

Upande wa programu, neno la kuogopa ni "tuiflash tu" likitangulia maswali. Kuflash huweza kufuta kila kitu: picha za mazishi ya babu, namba za wateja, hesabu za chama. Fundi anayejali huuliza kwanza, "Picha umezihifadhi wapi?" naye hujaribu njia ndogo kabla ya kubwa. Hakuombi PIN ya M-Pesa kwa sababu yoyote. Yeye ndiye hukukumbusha kutoa laini zako kabla ya kumwachia simu. Baadhi ya simu za Samsung, kuanzia mwaka 2022, zimewekewa hali maalumu ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe huku fundi akifanya kazi. Anayekuonyesha jinsi ya kuiwasha anailinda siri yako hata dhidi ya macho yake mwenyewe.

Fundi hupimwa pia kwa kazi anazozikataa. Kijana akileta simu iliyofungwa, hana boksi wala risiti, na anataka kufuli livunjwe sasa hivi, fundi mwenye jina la kulinda huirudisha. Vivyo hivyo simu ya mkopo iliyojifunga kwa sababu malipo hayajaisha. Anajua kwamba kibanda kinachofungua simu za wizi hatimaye hupokea na simu ya jirani.

Kabla ya kuondoka bila simu, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI. Wakenya wengi walijifunza hatua hiyo mwaka 2012, simu bandia zilipozimwa mitandaoni mwishoni mwa Septemba, na bado ina faida: ukirudi ukakuta namba nyingine, bodi imebadilishwa. Taka makadirio ya bei mapema. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari na bidhaa nyingine, na inamtaka anayetengeneza atoe makadirio kabla ya kutoza. Fundi wa kibanda asiye na karatasi za risiti anaweza kukuandikia kwa ujumbe mfupi. Omba pia kipuri cha zamani mkononi. Aliyekibadilisha kweli hatasita.

Ukirudi, usione haya kukaa hapo dakika kumi. Piga simu ukiisogeza sikioni, uone kioo kinazima. Rekodi sauti uisikilize. Piga picha kwa kamera zote mbili, washa tochi, chomeka chaja, iguse mgongoni baada ya muda kuona kama inachemka. Wengi wa mafundi wazuri watakutangulia kwa kufanya hayo yote mbele yako, na watabandika kibandiko kidogo chenye tarehe ndani ya kifuniko ili dhamana ya kazi yao isiwe na ubishi.

Na kama una kijana anayetaka kujifunza, cheti cha ufundi wa elektroniki ni kitu kizuri, na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani yake kwa madaraja, kutoka la tatu hadi la kwanza. Lakini nenda pia kibandani ukamtazame mwalimu. Je, wanagenzi wake wamepewa bodi zilizokufa wazifanyie mazoezi, au wametumwa kufungua simu za wateja siku ya pili? Anapokosea mmoja wao, je, anamrudisha kwenye mita, au anampokonya bloa na kumalizia mwenyewe? Kwa mwalimu wa kwanza lipa karo hata ikibidi uuze gunia la mahindi.